Apolo Kivebulaya, mwalimu aliyerudi Boga

Mwisho wa mafunzo ya wamonitere wa Ekodim hapa Luofu, mama mmoja aliyefundisha watoto wa kanisa kwa miaka mingi alisimama na kuuliza neno ambalo hatukuwa na jibu lake tayari. Aliuliza mwalimu wa watoto ana faida gani, ikiwa wale aliowafundisha nyimbo na Amri Kumi anawakuta baadaye njiani wamebeba bunduki. Hakuuliza kwa kulaumu. Aliuliza kama mtu aliyelima shamba msimu baada ya msimu na sasa anaangalia mikono yake.

Tuliomba pamoja, tukaagana, lakini swali lilibaki nasi. Katika kulitafakari tulikumbuka maisha ya mtu ambaye wengi wetu tulisikia jina lake tulipokuwa shule ya theolojia, kisha tukaliacha kwenye daftari. Ni Apolo Kivebulaya, mwalimu wa Boga. Boga haiko mbali na sisi. Ukitoka kwetu Lubero ukapita Butembo na Beni, ukaingia Ituri upande wa Irumu, utaifikia Boga juu ya bonde la mto Semliki, karibu na mpaka wa Uganda. Ndugu zetu Waanglikana humkumbuka kila tarehe 30 Mei, siku aliyofariki mwaka 1933. Sisi si Waanglikana, lakini mwalimu wa namna hii ni mali ya makanisa yote.

Kijana wa bunduki

Apolo alizaliwa mnamo mwaka 1864 katika Buganda, upande wa Ndejje. Wazazi wake walimwita Waswa, jina ambalo Waganda humpa mtoto wa kiume anayetangulia katika mapacha. Ujana wake uliangukia wakati wa machafuko. Wamisionari Waanglikana walifika kwa Kabaka mwaka 1877, Wakatoliki wakafika 1879, na Uislamu ulikuwa umekwisha kuingia kabla yao. Kati ya 1885 na 1887 Kabaka Mwanga aliwaua vijana wengi walioshika imani mpya. Mwaka 1888 vita vya vikundi vya dini vikaanza, na kila upande ukatafuta vijana wenye nguvu.

Waswa alikuwa mmoja wa vijana hao. Alipita kwa Waislamu, alisikia mafundisho ya mmisionari Alexander Mackay, akapigana katika vita vile, na mwaka 1891 alikuwa kati ya watu waliofuatana na Kapteni Lugard kuelekea magharibi mpaka Toro. Masimulizi ya maisha yake hayamfichi. Yanasema alikunywa pombe na kuvuta bangi kama askari wengine wa siku zile. Kwa hiyo mara ya kwanza alipoikanyaga nchi iliyo chini ya milima ya Rwenzori, hakwenda kufundisha. Alikwenda pamoja na bunduki.

Tunaomba msomaji asilipite jambo hili haraka. Mtu ambaye Boga inamwita baba wa imani yao alikuwa kwanza kijana wa vita. Mackay alikufa mwaka 1890 bila kujua kwamba kijana yule aliyemsikia angekuwa mwalimu. Kama tungemhukumu Waswa mwaka 1891, tungesema mafundisho yote aliyosikia yamepotea.

Lakini mbegu haikupotea. Mwisho wa mwaka 1893 uamsho mkubwa ulitokea katika kanisa la Buganda, na vijana wengi wakajitoa kwenda kufundisha mikoani. Waswa naye aliacha bunduki, akafuata masomo, akabatizwa mwaka 1895. Alichagua jina la Apolo, yule mtu wa Aleksandria tunayemsoma katika Matendo 18, aliyejua Maandiko lakini akakubali kufundishwa zaidi nyumbani mwa Prisila na Akila. Jina la Kivebulaya alipewa na watu. Maana yake kwa Kiganda ni kitu kilichotoka Ulaya, kwa sababu alipenda kuvaa koti jekundu la kiaskari juu ya kanzu yake. Watu walicheka, na jina likakaa.

Jembe na kitabu

Katika Buganda ya siku zile Mkristo aliitwa msomaji. Aliyetaka ubatizo alianza na karatasi ya herufi na silabi, akaendelea mpaka aweze kusoma Injili mwenyewe. Mwalimu wa kanisa hakuwa mtu wa kuhubiri Jumapili tu. Alikaa kijijini, akajenga nyumba ya nyasi ya ibada, akaketi na watu kila siku mpaka wajue kusoma. Hiyo ndiyo kazi Apolo aliyopewa, na kwa kazi hiyo alitumwa Toro.

Kule Toro walikuwako walimu wawili waliokwisha kuvuka Semliki mwaka 1896 kupeleka Injili Boga, ambayo wakati huo iliandikwa Mboga. Hawakudumu. Mwami wa Boga, Tabaro, wa kabila la Wahema, hakupendezwa na mafundisho yao, na watu hawakuwapa chakula. Njaa ikawarudisha. Apolo aliposikia habari zile alijitoa kwenda mahali pao. Mwisho wa mwaka huo huo wa 1896 alishuka bondeni, akavuka mto, akapanda Boga.

Apolo alijifunza kutokana na shida ya wenzake. Alilima. Alijua kwamba mwalimu anayengojea kulishwa na mwami ataondolewa siku mwami atakapokasirika. Shamba lake lilimpa uhuru wa kufundisha, na lilimpa pia heshima mbele ya watu wanaoishi kwa mikono yao. Sisi wa Lubero, watu wa maharagwe na viazi, tunaelewa hilo bila kuelezwa. Mtu akikuona unalima kama yeye, atakusikiliza jioni kwa moyo mwingine.

Waliokuja kwanza walikuwa vijana. Walitaka kujua kusoma, kwa maana waliona kwamba karatasi ina nguvu. Lakini kijana aliyejua kusoma alianza pia kuuliza maswali, na hapo ndipo taabu ilipoanzia. Apolo alikataa ulevi, alikataa kazi za sadaka za pepo, alisema neno juu ya wake wengi. Mwami aliona vijana wake wanakusanyika kwa mtu mgeni, wakisikia sauti nyingine. Mwalimu alipigwa, akanyimwa chakula, na watu wakakatazwa kumkaribia. Hakuondoka.

Ni haki pia tumwelewe Tabaro. Kwake yeye, mtu yule alitoka Buganda, taifa lililokuwa limeungana na Waingereza, na alivaa koti la kiaskari. Kufundisha kusoma na kuleta utawala wa kigeni vilikuja kwa njia ileile moja. Apolo hakuwa malaika aliyeshuka kutoka mbinguni bila historia. Alibeba desturi za kwao na vitabu vya lugha ya kwao, na alihitaji miaka mingi ili watu waone tofauti kati ya Injili na koti lake.

Usiku wa gereza

Mwaka 1898 likatokea jambo baya. Watu walikuwa wanaleta nyasi kwa ajili ya ujenzi, na dada wa mwami akaangukia mkuki, akafa. Ilikuwa ajali, lakini adui za mwalimu walipata walichotafuta. Apolo alishtakiwa kwamba amesababisha mauaji. Alikamatwa, akapelekwa Toro kwa watawala Waingereza, wale wale ambao watu walidhani ni rafiki zake, nao wakamfunga.

Kwa siku hizo za mateso Apolo alisimulia baadaye kwamba alimwona Yesu Kristo akiwa na mwanga kama wa jua, akamwambia asiogope, ahubiri, kwa kuwa yeye yuko pamoja naye. Sisi wachungaji tuliosoma theolojia tumezoea kupima maono kwa tahadhari, na ni vema. Lakini maono haya yana matunda tunayoweza kuyaangalia. Mtu aliyeyaona hakuanzisha dini yake, hakujiita nabii, hakutafuta watu wa kumfuata. Aliachiliwa kwa kuwa mashtaka hayakuthibitika, kisha akaomba neno moja ambalo hakuna aliyelitazamia. Aliomba kurudi Boga.

Hapo tunafikia kiini cha maisha yake. Kwenda mara ya kwanza si ajabu kubwa. Kijana mwenye moto anaweza kwenda popote. Kurudi mahali ulipopigwa, kwa watu waliokupeleka gerezani, bila jeshi na bila kudai fidia, hilo ni jambo lingine. Tabaro alishangaa kumwona tena. Mtu ambaye angeweza kurudi kama mshindi alirudi na kitabu kilekile. Baada ya muda mwami mwenyewe akaomba mafundisho, akabatizwa, akaitwa Paulo. Yule aliyempiga mwalimu akawa mwanafunzi wake.

Miaka ya kungoja

Desemba 1900 Askofu Tucker alimweka Apolo kuwa shemasi, na mwaka 1903 akawekwa kuwa kasisi. Kisha kanisa likamweka kufanya kazi Toro, na kwa karibu miaka 15 sehemu kubwa ya utumishi wake ilikuwa upande ule wa mpaka. Alizunguka vijijini kwa miguu, akaanzisha makusanyiko, akatayarisha walimu vijana na kuwatuma. Ni miaka ambayo wasimuliaji huipita haraka kwa sababu haina gereza wala msitu. Hata hivyo hapo ndipo alipojifunza kazi ya kulea walimu, ambayo ni zaidi ya kazi ya kufundisha.

Wakati huo mpaka wenyewe ulikuwa unahama. Waingereza na Wabelgiji walibishana juu ya nchi iliyo kati ya Rwenzori na Ziwa Albert, wakapatana mwaka 1910, na Boga ikaingia katika Kongo ya Wabelgiji. Waumini wa Boga walijikuta chini ya serikali nyingine, mbali na kanisa lililowazaa. Kikundi kilipungua, wengine wakakata tamaa. Wakati wa vita kuu ya kwanza Apolo aliruhusiwa kurudi kwao. Alikuwa na umri wa miaka kama 50, na wenzake wa umri huo walikuwa wanatafuta parokia yenye utulivu. Yeye alivuka Semliki tena, na safari hii alikaa mpaka kufa.

Nyumba iliyojaa watoto

Apolo hakuoa. Mchumba wake alifariki kabla ya arusi, naye akabaki peke yake. Katika desturi zetu mtu asiye na mke wala mtoto huhurumiwa, na uzee wake huogopwa. Lakini nyumba ya Apolo Boga haikuwa kimya. Aliwachukua wavulana, aliwalisha, aliwavika, aliwafundisha, wakaishi naye kama watoto wa baba mmoja. Mshahara mdogo aliopewa na kanisa uliishia kwao na kwa walimu aliowatuma vijijini.

Hii ndiyo ilikuwa shule yake ya dini. Haikuwa saa moja ya Jumapili. Mtoto alimwona mwalimu asubuhi akiomba, mchana akiwa shambani, jioni akifundisha herufi, usiku akiandika. Apolo aliandika kumbukumbu za kazi yake kwa Kiganda kwa miaka mingi: safari, majina ya waliobatizwa, makanisa yaliyojengwa, magonjwa, mvua. Mtoto anayekulia katika nyumba kama hiyo anajifunza kwamba imani ina ratiba, ina jasho, ina daftari.

Kutoka katika nyumba ile walitoka walimu. Apolo aliwatuma vijana wakiwa bado wadogo, akawafuata kuwatembelea, akawaonya, akawapa nafasi ya kukosea. Paulo alimwandikia Timotheo juu ya kukabidhi mafundisho kwa watu waaminifu watakaoweza kufundisha wengine pia. Apolo hakuhubiri mstari huo tu. Aliupangia vitanda na sahani.

Tukumbuke mazingira. Katika Kongo ya Wabelgiji serikali ilisaidia kwa fedha shule za misioni za Kikatoliki tangu miaka ya 1920, lakini shule za Kiprotestanti hazikupata msaada huo mpaka baada ya vita kuu ya pili. Walimu wetu wote wa kizazi kile, iwe Boga, iwe huku Kivu, walifundisha kwa sadaka za waumini maskini na kwa jembe. Elimu ya Kiprotestanti katika nchi yetu ilianzishwa na watu ambao hakuna ofisi yoyote ya serikali iliyowaandika katika orodha ya mshahara. Mmonitere wa leo anayefundisha bila malipo hana sababu ya kujiona wa mwisho. Yuko katika mstari mrefu wa watu wenye heshima.

Kuelekea msitu

Mwaka 1921 Apolo alianza kazi ambayo ilimpa jina mbali na Afrika. Alikwenda magharibi, katika msitu wa Ituri, kwa Wambuti. Majirani zao wengi waliwadharau, wakawaona kama mali ya wenye mashamba. Wengine waliuliza kama inafaa kupoteza muda kuwafundisha. Apolo aliketi nao, akajifunza maneno yao, na hata akaanza kuigeuza Injili ya Marko katika lugha yao.

Hapa tunaona mwalimu ambaye ameendelea kukua. Kijana aliyekuja Boga mwaka 1896 alileta vitabu vya Kiganda na kutazamia watu wasome lugha yake. Mzee wa mwaka 1921 alijua kwamba ni mwalimu anayepaswa kujifunza lugha ya mwanafunzi. Mabadiliko hayo yalimchukua miaka 25. Hatuyasemi ili kumpunguza. Tunayasema kwa sababu walimu wengi huacha kujifunza siku wanapopata cheti, na yeye hakuacha.

Mwaka 1922 kanisa la Uganda lilimpa heshima ya kuwa kanoni wa kanisa kuu la Namirembe. Mwaka uliofuata mmisionari Albert Lloyd alichapisha Uingereza kitabu kidogo juu yake, na watoto wa makanisa ya huko wakaanza kumjua Apolo wa msituni. Yeye aliendelea kulala katika vibanda vya majani na kutembea katika matope. Heshima ilimfikia Boga, haikumtoa Boga.

Kichwa upande wa magharibi

Mwaka 1933 aliugua sana. Alitibiwa Kampala, katika hospitali ya Mengo, na wengi wangetamani abaki kule karibu na waganga na karibu na ndugu zake wa damu. Alipoona kwamba siku zake zimekwisha, aliomba arudishwe Boga ili afie kwa watoto wake. Ndiyo mara yake ya mwisho kurudi. Alifariki tarehe 30 Mei.

Aliacha agizo juu ya kaburi lake. Desturi ya Waganda ilikuwa na namna yake ya kumlaza maiti, lakini yeye aliomba kichwa chake kielekee magharibi, upande wa msitu, mahali ambapo Injili ilikuwa bado haijafika. Hata akiwa kaburini alitaka kuwa kama kidole kinachowaonyesha wanafunzi wake njia.

Wanafunzi walielewa. Walibaki na kazi, pamoja na shida nyingi na msaada mdogo, na kanisa likaenea kutoka Boga kwa miguu ya watu waliohama kutafuta mashamba, shule na biashara. Mwaka 1972 Boga ikawa dayosisi. Mwaka 1992 Waanglikana wa nchi yetu wakapata jimbo lao na askofu mkuu wao wa kwanza, naye alikuwa askofu wa Boga. Leo Butembo, mji wetu wa karibu, ni makao ya dayosisi yao ya Kivu ya Kaskazini.

Kuna upande mwingine ambao hatupaswi kuuficha. Baada ya Apolo, baadhi ya wazee walishika sana namna walizozirithi, vitabu vya ibada vya Kinyoro na taratibu za zamani, na kwa muda mrefu vijana waliokwenda mijini walilia kwa sababu ya Kiswahili, kwaya na magitaa. Wengine waliondoka wakatafuta makanisa mengine. Urithi wa mwalimu aliyejifunza lugha ya wengine ulikuwa unalindwa kwa kuwanyima vijana lugha yao. Jambo hilo si la Boga tu. Kila parokia yetu inalo, kila mara tunaposema kwamba waanzilishi hawakufanya hivyo.

Jibu kwa mama wa Ekodim

Usiku wa kuamkia tarehe 31 Mei 2021, saa chache baada ya siku ya ukumbusho wa Apolo, watu wenye silaha walishambulia Boga na Tchabi na kuua zaidi ya watu 50. Wengi walikuwa wakimbizi waliokwisha kukimbia mahali pengine. Hatuwezi kusimulia maisha ya mwalimu huyu kana kwamba yaliisha kwa amani na furaha. Mahali alipolaza kichwa chake pametoka damu, kama Beni, kama Lubero, kama vilima vyetu vya Luofu ambavyo vimeona nyumba zikiungua na watoto wakikimbia usiku.

Kwa hiyo jibu letu kwa mama yule si kwamba mafundisho ya Ekodim yatazuia kila kijana asishike bunduki. Hatuna ahadi hiyo. Mackay hakumzuia Waswa. Lakini Waswa alipochoka na vita alijua mahali pa kurudi, kwa sababu kuna neno alilokwisha kulisikia, na kulikuwa na kanisa lenye mlango wazi na walimu waliokubali kumketisha, yeye askari mvuta bangi, pamoja na wasomaji wengine. Faida ya mwalimu wa watoto ni hiyo kwanza: anaacha ndani ya mtoto njia ya kurudia. Na kazi ya kanisa ni kuhakikisha kwamba siku kijana atakaporudi, hatakuta mlango umefungwa na majina yake mabaya yameandikwa ukutani.

Tunajiuliza basi, sisi wachungaji na wazee wa kanisa. Tukigawa bajeti ya posta, Ekodim iko mstari wa ngapi? Mmonitere wetu ana Biblia yake, au anaazima? Kama ana shamba, vijana wa parokia wamekwenda kumsaidia kulima hata siku moja? Kijana aliyetoka msituni na kuweka silaha chini, yuko nani anayemlaza nyumbani kwake usiku wa kwanza? Familia zilizokimbia zikija kwetu, watoto wao wanapewa darasa Jumapili hiyohiyo, au tunangoja mpaka orodha ikamilike?

Kwa walimu wenyewe tuna neno moja. Apolo alifanya kazi miaka 37 tangu alipoingia Boga mpaka kufa kwake, na karibu nusu ya miaka hiyo alikuwa mbali na mahali alipopapenda. Hakupewa yote aliyoomba, hakuona msitu wote ukiamini. Alirudi tu, kila alipopata nafasi ya kurudi. Jumapili hii, ninyi wamonitere wa Luofu, wa Kayna, wa Lubero, na ninyi mnaofundisha chini ya mahema ya wakimbizi Beni na Butembo, mkiingia darasani na kukuta watoto saba badala ya sabini, jueni kwamba kuingia kwenu tena ni sehemu ya somo. Watoto wanahesabu mara mnazorudi.

Mama yule aliyeuliza swali tulimwona tena Jumapili iliyofuata. Alikuwa mbele ya darasa lake, anapanga watoto wadogo kwenye benchi kwa urefu. Hatukumwambia lolote. Tulisimama mlangoni kidogo, tukamsikiliza akifundisha.

Bwana Yesu, mwalimu wa walimu wote, awatie nguvu wanaofundisha watoto wake, awarudishe vijana waliopotea njia, na ailinde Boga, Beni, Butembo na Luofu. Amina.